Connie Mack, kocha aliyekaa benchi miaka 50 kwa sababu timu ilikuwa yake

Kuna namba za besiboli ambazo ukimwonyesha mtu atakwambia umekosea kuandika. Connie Mack, mzee wa Philadelphia, ndiye meneja aliyeshinda mechi nyingi kuliko mwingine yeyote kwenye historia ya ligi kuu za Marekani, 3,731. Na huyo huyo ndiye aliyefungwa nyingi kuliko wote, 3,948. Yaani kafungwa kuliko alivyoshinda, kazidiwa mechi 217, na bado mwaka 1937 wakamchagua kuingia Hall of Fame, ile nyumba ya heshima ya besiboli, akiwa bado yuko kazini na akaendelea kufungwa miaka mingine 13 baada ya hapo.

Ukiuliza imekuwaje watu wanakujibu kirahisi tu, alikaa sana. Sawa, alikaa sana. Ferguson alikaa Man United miaka 26 tukaona maajabu, Wenger alikaa Arsenal 22 mashabiki wake wenyewe wakachoka, huyu alikaa timu moja miaka 50, kuanzia 1901 hadi 1950, na kabla ya hapo alishakuwa meneja Pittsburgh misimu mitatu, jumla 53. Lakini sasa "alikaa sana" sio jibu, hilo ndo swali lenyewe. Alikaaje? Timu yake ilishika mkia mara 17, na sisemi nafasi ya tano au ya sita, nasema mkia kabisa. Kocha gani anashika mkia mara 17 na msimu ukianza yeye yupo tu? Huku kwetu mechi tatu tu mtu anafungashiwa virago na hela yake anaidai mpaka FIFA.

Jibu lipo kwenye hisa. Jamaa alikuwa mmiliki. Ukishaelewa hilo mambo yake yote yanaanza kueleweka, mazuri na yale ya ajabu, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza kwa wasioufuatilia huu mchezo: kwenye besiboli kocha mkuu anaitwa meneja, sio mtu wa ofisini, ndo yule anayepanga timu na kukaa benchi. Kwa sehemu kubwa ya enzi za Mack msimu mmoja ulikuwa na mechi 154, wanacheza karibu kila siku, ndo maana namba zake ni za maelfu. Mechi zina ngwe tisa, mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo (la mti, sio lile la kunywa), nyuma yake kachuchumaa mdakaji. Hayo yanatosha.

Mack alizaliwa tarehe 22 Desemba 1862 East Brookfield, mji mdogo wa viwanda huko Massachusetts, wazazi wahamiaji kutoka Ireland, na wakati anazaliwa baba yake alikuwa jeshini kwenye ile vita ya wenyewe kwa wenyewe. Jina la kwenye makaratasi ni Cornelius McGillicuddy. Kuna hadithi maarufu kwamba alilikata jina ili litoshe kwenye safu ya matokeo ya gazeti, hadithi tamu sana lakini familia yao walikuwa wakiitwa Mack toka zamani, magazeti hayakuhusika. Alianza kazi kiwandani akiwa bado mtoto, kwanza pamba halafu viatu, na mpira ndo ulimtoa huko mwaka 1884.

Alikuwa mdakaji, mrefu mwembamba kama mwanzi, futi 6 na inchi 1. Wadakaji wa enzi hizo walikuwa hawana glavu za maana, vidole vyake vilivunjika vikapinda na vikabaki hivyo maisha yake yote. Kupiga hakuwa mkali. Alichokuwa nacho ni ujanja. Kanuni ya wakati ule ilikuwa mpigaji akiugusa mpira kidogo tu na mdakaji akaudaka hapo hapo, mpigaji katoka. Basi Mack akajifunza kutoa mlio kama wa mpira kugusa gongo, mwamuzi akisikia "tk!" anaona mpira uko mkononi mwa mdakaji, anamtoa mtu ambaye hajagusa kitu. Au mpigaji anapovuta gongo apige yeye anamsukumia kidogo kwa nyuma, halafu anaomba radhi kwa upole kabisa. Na inasimuliwa alipokuwa Pittsburgh alikuwa anaweka mipira kwenye barafu usiku kucha ili wageni wakipiga isiende mbali. Huyo ndiye ambaye baadaye nchi nzima ilikuja kumuita Bwana Mack kwa heshima, mzee asiyetukana mtu.

Mwaka 1890 ndo kilitokea kitu ambacho mimi nakiona ndo msingi wa kila kitu. Wachezaji walichoka kunyonywa na wenye klabu wakaanzisha ligi yao wenyewe, Players' League, na Mack akaingia na miguu yote miwili, akaenda Buffalo na akaweka humo akiba yake, dola 500. Ligi ilidumu msimu mmoja. Hela ikaenda na maji.

Mwingine angejifunza asiweke tena hela kwenye mpira. Yeye alijifunza kinyume chake, kwamba kwenye huu mchezo kuna wenye klabu na kuna wafanyakazi, na mfanyakazi hana chake. Akacheza Pittsburgh, akawa mchezaji meneja mwaka 1894, mwisho wa 1896 kazi ikaisha. Baada ya hapo hakuajiriwa tu tena. Alipoenda Milwaukee 1897 alienda kama meneja mwenye hisa, na mwaka 1901 Ban Johnson, rais wa ligi ya magharibi aliyokuwamo Milwaukee, alipoigeuza kuwa American League, ligi kuu ya pili ya kushindana na National League, Mack akapelekwa Philadelphia kuanzisha timu mpya kabisa, Athletics. Ben Shibe, tajiri wa kiwanda cha vifaa vya besiboli, alichukua nusu ya klabu. Mack robo. Robo iliyobaki waandishi wawili wa michezo wa pale mjini (fikiria, waandishi wenyewe wana hisa kwenye timu wanayoiandika, usishangae habari zilikuwa nzuri). Miaka kama 12 baadaye Mack akanunua na hizo za waandishi, akawa na nusu. Shibe na wanawe wanashughulika na biashara, Mack anashughulika na mpira. Nani sasa wa kumfukuza?

Mwanzo ulikuwa wa vurugu. Mwaka 1901 alimvuta Nap Lajoie, staa wa timu ya ligi pinzani iliyokuwa mji huo huo, jamaa akapiga wastani wa .426 (yaani kwa kila mara 1,000 za kupiga anafanikiwa 426), ambao mpaka leo ni rekodi ya American League, halafu mwaka uliofuata mahakama kuu ya Pennsylvania ikasema huyu ni mali ya klabu ya zamani, hana ruhusa kuchezea timu nyingine kwenye jimbo hili. Ikabidi ahamie Cleveland. Pamoja na hilo Mack akabeba ubingwa wa ligi 1902. John McGraw, aliyekuwa meneja wa New York Giants, mtu mwenye mdomo mchafu, akawa anasema Philadelphia wamejitwika tembo mweupe, yaani mzigo unaokula hela bila kazi. Mack akamchukua yule tembo akamfanya nembo ya timu. Mwaka 1905 walipokutana wenyewe kwenye World Series, fainali ya mabingwa wa ligi hizo mbili, alimkabidhi McGraw tembo wa kuchezea, mbele za watu. McGraw alishinda ile fainali lakini, hilo nalo tuseme.

Na moja ya sababu ni kwamba mrushaji bora wa Mack hakucheza. Rube Waddell. Huyu angestahili makala yake peke yake, mkono wa ajabu, kichwa cha mtoto, akisikia gari la zimamoto anataka kulifuata, siku nyingine kaenda kuvua samaki wakati anatafutwa. Mwaka 1902 Mack alituma mpaka wapelelezi wa kampuni ya Pinkerton wakamchukue California. Zamani wachezaji wakisafiri walilala wawili kitanda kimoja, na inasimuliwa mwenzake alikataa kusaini mpaka kwenye mkataba wa Waddell kiwekwe kipengele kwamba haruhusiwi kula biskuti kitandani. Mwisho wa msimu wa 1905 akaumia bega akigombania kofia ya nyasi na mwenzake, mchezo tu wa kitoto kwenye safari ya treni, fainali ikampita hivyo.

Sasa Mack alikuwa anawaongozaje watu wa aina hii? Hapa ndo tofauti yake na McGraw. Hakuwa mtu wa kufokea mchezaji mbele ya wenzake, ukikosea anakuita kesho yake mnaongea wawili. Aliwaita kwa majina yao rasmi, sio majina ya utani ya magazetini. Na hakuvaa jezi kama mameneja wengine, alikaa benchi na suti nzima, tai, kola ngumu iliyopigwa wanga, kofia, jua kali la Julai na yeye yuko hivyo hivyo, mkononi kashika karatasi ya kuandikia matokeo imekunjwa. Hiyo karatasi ndo ilikuwa fimbo yake. Akimwona mpigaji fulani anaingia, anainuka nusu, anaipunga karatasi kushoto, yule wa nyuma kabisa uwanjani anasogea hatua nne kushoto, anaipunga tena kidogo, anarudi hatua moja. Halafu mpira unaenda pale pale. Wachezaji walikuwa wanasema mzee ana kumbukumbu ya kila mpira ambao kila mtu amewahi kupiga.

Timu kubwa ya kwanza ilikuja 1910. Walishachimba uwanja mpya, Shibe Park, uliofunguliwa 1909, wa kwanza wa ligi kuu kujengwa kwa chuma na zege badala ya mbao. Walinzi wanne wa besi (vile vituo anavyokimbilia mpigaji), McInnis, Collins, Barry na Baker, magazeti yakawaita ukuta wa dola 100,000. Mabingwa wa World Series 1910, 1911, 1913. Mwaka 1914 wakashinda ligi tena halafu kwenye fainali wakapigwa nne bila na Boston Braves, timu ambayo mwezi Julai ilikuwa inashika mkia.

Na baada ya hapo akaivunja timu. Hapa ndo watu wanapochanganyikiwa, wengine wanasema alikasirika kufungwa, wengine wanasema alikuwa bahili tu. Kuelewa lazima ujue mkataba wa enzi hizo ulikuwaje. Mkataba ulikuwa na kipengele kinachomfunga mchezaji kwenye klabu, muda ukiisha klabu bado inammiliki, hawezi kwenda popote mpaka auzwe au aachwe. Mchezaji alikuwa kama kiwanja, mwenye hati anaamua. Sasa mwaka 1914 ikaja ligi ya tatu, Federal League, matajiri na mabunda yao, hawajali kipengele cha mtu, ghafla kila mchezaji ana bei mpya na kila mmoja anataka aongezwe. Na upande wa pili geti la Philadelphia lilishuka vibaya, kutoka watazamaji zaidi ya laki 5 na nusu mwaka 1913 hadi chini ya laki 3 na nusu 1914, mabingwa wakati ule! Watu walichoka kuona timu inashinda tu. Mack hakuwa na kiwanda wala reli wala kampuni ya bia nyuma yake kama wamiliki wengine. Chakula chake kilitoka getini. Kwa hiyo akauza kabla hajaporwa. Collins akaenda Chicago kwa dola 50,000, warushaji wake wakongwe Plank na Bender wakaenda Federal League, Baker akagoma msimu mzima mpaka akauzwa Yankees, Barry na kijana Herb Pennock wakaishia Boston.

Matokeo yake mwaka 1915 walishinda 43 na kufungwa 109. Mwaka 1916 ndo balaa, 36 kwa 117. Kulikuwa na mrushaji anaitwa Jack Nabors aliyemaliza msimu ule na ushindi 1, vipigo 20, na mwenzake Tom Sheehan ushindi 1, vipigo 16. Walishika mkia miaka saba mfululizo, 1915 hadi 1921, na hapo ndo ile hisa inafanya kazi yake, kocha wa kuajiriwa asingefika hata mwaka wa pili.

Akaijenga upya, polepole mno. Al Simmons, Mickey Cochrane, Jimmie Foxx aliyekuja bado kijana wa shamba, na Lefty Grove aliyenunuliwa Baltimore kwa dola 100,600 (hizo 600 za juu zilikuwa za kutaka ionekane ni bei kubwa kuliko ya staa Babe Ruth alipouzwa Yankees). Timu hii ya 1929 hadi 1931, kwa maoni yangu, inasahaulika bure kwa sababu Yankees wa Ruth wanameza hadithi yote ya miaka ile.

Na ile fainali ya 1929 na Chicago Cubs ndo Mack mwenyewe akiwa kwenye ubora wake. Alikuwa na mrushaji mzee, Howard Ehmke, miaka 35, mkono umechoka, msimu mzima karibu hajatumika. Karibu na mwisho wa msimu akamwita amuage. Ehmke akamwambia kama ndo mwisho sawa, ila mkono huu umebakiwa na mechi moja nzuri. Mack akamwangalia, akamwambia basi usisafiri na timu, baki hapa, Cubs wanakuja kucheza Philadelphia kwenye ligi yao, kaa jukwaani uwasome mmoja mmoja. Hakumwambia mtu. Tarehe 8 Oktoba, mechi ya kwanza, uwanja wa Wrigley umejaa, kila mtu anasubiri Grove au Earnshaw, warushaji wakali wa Mack, apashe, anainuka Ehmke. Wachezaji wa Athletics wenyewe wanatazamana. Wapigaji wakali wa Cubs walikuwa wa mkono wa kulia wanaopenda mpira wa kasi, huyu anawatupia vitu vya polepole kutoka ubavuni, vinatokea kwenye mashati meupe ya watazamaji wa nyuma, hawaoni kitu. Aliwakosesha 13 wakatoka bila kugusa, rekodi ya World Series iliyokaa mpaka 1953, wakashinda 3 kwa 1. Siku nne baadaye, mechi ya nne, wakiwa nyuma 8 bila kwenye ngwe ya saba, wakafunga 10 kwenye ngwe hiyo moja, Hack Wilson wa Cubs akipotezewa mipira na jua. Ubingwa. Wakabeba tena 1930, na 1931 wakashinda mechi 107 kwenye ligi lakini wakafungwa na Cardinals mechi ya saba.

Halafu uchumi wa dunia ukaanguka na hadithi ikajirudia karibu neno kwa neno. Mwaka 1929 waliingia watu zaidi ya laki 8, mwaka 1933 hawakufika laki 3. Na Philadelphia ilikuwa na tatizo jingine, sheria ya Pennsylvania ilikataza mechi za kulipia Jumapili, siku pekee ambayo mfanyakazi ana nafasi, katazo lililoondolewa kwa kura mwishoni mwa 1933. Ilichelewa. Simmons na wenzake wawili walishauzwa Chicago dola 100,000, Cochrane akaenda Detroit, Grove Boston, Foxx naye Boston mwisho wa 1935. Mwaka huo huo majirani wa barabara ya 20, waliokuwa wanauza viti juu ya mapaa ya nyumba zao, wakakuta ukuta wa uwanja umenyanyuliwa mpaka zaidi ya futi 30. Watu wa mtaa ule hawakumsamehe.

Tofauti na mara ya kwanza, safari hii hakujenga tena. Alishavuka miaka 70, wenzake wanaanzisha mitandao ya timu ndogo za kulea vijana, yeye bado anategemea marafiki wamwandikie barua kwamba kuna kijana fulani chuo fulani. Mwaka 1937 akawa rais wa klabu pia, kwa hiyo akawa bosi wake mwenyewe. Kuanzia 1940 hadi 1946 walishika mkia mara sita. Na liko jambo ambalo wanaomsifia wanalipita haraka: Jackie Robinson alivunja ubaguzi National League mwaka 1947, Larry Doby akafuata American League mwaka huo huo, na chini ya Mack Athletics hawakuwahi kumchezesha mchezaji mweusi hata mmoja. Wa kwanza wao, Bob Trice, alikuja Septemba 1953, mzee ameshastaafu. Wachezaji weusi wazuri walikuwa tele, bei yao wakati huo ilikuwa ndogo kuliko ya Grove mbali sana, kwa klabu inayolia haina hela. Hapo hisa haimtetei.

Miaka ya mwisho benchi lilikuwa linajiendesha. Inasimuliwa kuna siku alinyoosha kidole amwite Foxx aingie kupiga, Foxx aliyeuzwa zaidi ya miaka kumi nyuma. Akisinzia au akitoa agizo lisiloeleweka, mwanae Earle na Simmons, aliyerudi kama msaidizi, walikuwa wanatoa ishara tofauti uwanjani na mambo yanaendelea, na hakuna aliyemsahihisha mbele ya watu. Mwaka 1950, familia imeshagawanyika, watoto wa mke wa kwanza huku, upande wa mke wa pili kule, wanawe wakubwa Roy na Earle wakaweka rehani ili wawanunue wengine wote. Oktoba mwaka huo akatangaza kuachia, ana miaka 87, timu imeshinda 52 imefungwa 102.

Deni lile la rehani ndo lililowamaliza. Mwishoni mwa 1954 klabu ikauzwa ikahamishiwa Kansas City, mzee akiwa hai anaona. Uwanja uliobaki Philadelphia ulishabadilishwa jina mwaka mmoja kabla, unaitwa Connie Mack Stadium, na Athletics ikawa haipo tena ndani yake. Alifariki tarehe 8 Februari 1956, miaka 93. Timu imehama tena Oakland mwaka 1968, na tena baada ya msimu wa 2024 sasa hivi wamepanga uwanja West Sacramento wakisubiri Las Vegas, na yule tembo wa McGraw bado wanaye.